Shada Kwenye Picha ya Mama

Markham, 6 Mei 2025

Shabnam,

Sianzi na salamu kwa sababu leo sina za kukupa. Nakuandikia kwa karatasi na kwa Kiswahili, kama ulivyoagiza tangu yule kijana wa ofisini kwenu apige picha ujumbe wa simu yako na kuwauzia watu wa umbea. Huko Mumbai Kigujarati wanakisoma na Kiingereza wanakisoma, ila lugha tuliyogombania nayo pipi Dodoma tukiwa watoto hawaijui. Vizuri. Nitasema yote, na utasoma mwenyewe, mdogo wangu.

Moez yuko ardhini tangu Februari. Siku ile ardhi ilikuwa imeganda mpaka wachimbaji walileta mashine ya kuipasua. Watu walijipanga kumtilia udongo mume wangu, na mimi nikawa natazama barabarani kama mjinga, nikidhani kila gari jeusi ni la Alykhan. Mwanangu wa pekee hakumtilia baba yake hata gao moja la udongo. Alileta maua, yaani yaliletwa na dereva wa duka, hayana jina la mtumaji. Nilijua ni yake kwa sababu yalikuwa mengi kupita kiasi.

Juzi nilikwenda Malton kununua vitafunio, na mlangoni mwa duka nikaliona bango: Aryan Sarang, jukwaani Toronto, Julai 19. Sura ni ya Alykhan, jina mlimpa ninyi, na hiyo pua ya kuchongwa siijui. Wasichana wawili walikuwa wakipiga picha na bango, mmoja akalibusu. Mimi niliyemzaa nilikuwa nyuma yao nimeshika mfuko wa bhajia, nikaambiwa nisogee, nisiharibu picha.

Ninachotaka ni kimoja tu. Akija Julai aje makaburini Richmond Hill, asimame kwenye kaburi la baba yake, atie udongo kwa mkono wake na kusoma Fatiha, mimi nikiwa kando yake. Asibaki garini nyuma ya vioo vyeusi. Nusu saa inatosha.

Na jambo lingine ulijue. Sughra, yule tuliyepakana naye ukuta Dodoma, yuko Malton na mumewe Mohamedtaki. Alikuja kwangu wiki iliyopita. Alikuwa ameiona kwenye televisheni ile kumbukumbu yenu ya kila mwaka ya marehemu mama wa Aryan Sarang, picha yangu ya ujana imekuzwa kama mlango na kuvishwa shada la maua. Alikaa, akakataa biskuti, akaniambia, "Zohra, herini alizovaa yule marehemu ni zangu. Uliziazima siku ya kupiga picha."

Miaka yote hii nimewaambia watu Alykhan anafanya kazi ya kompyuta Singapore. Kwa Sughra nilishindwa.

Nangoja jibu.
Zohra


Mumbai, 17 Mei 2025

Dada Zohra,

Shikamoo, hata kama huitaki.

Haiwezekani. Nasema mapema usije ukaendelea kupanga.

Hapa Alykhan hawezi kwenda kunyoa nywele bila wapiga picha kujaa mlangoni, na nusu yao tumewaita sisi wenyewe. Ndiyo kazi yangu hiyo kama meneja wake, siionei haya. Huko Toronto mashabiki watampokea kuanzia uwanja wa ndege na kumfuata hadi hotelini. Akishuka makaburini, kabla hajakunjua mikono yake kuomba dua, India nzima itauliza huyu Moez ni nani, na huyu mama anayelia kando yake ni nani.

Unaandika kana kwamba tulikaa tukala njama. Usisahau ilivyoanza. Alykhan alikuwa na chumba kimoja Andheri, hapa Mumbai, na tuzo yake ya kwanza, ya tangazo la viatu. Walimvisha shada jukwaani. Akarudi nalo na kulitundika kwenye picha yako, kwa heshima tu, maana kijana aliyekulia Markham angejuaje kwamba huku picha ya mtu ikivishwa shada maana yake mtu huyo kafariki? Wewe na Moez hamkumfundisha. Mwandishi wa gazeti alikuja kumhoji, akaiona picha, akafuta machozi. Kesho yake watu wakasoma habari za yatima aliyempa marehemu mama yake shada lake la kwanza. Wiki haikuisha, akapata filamu.

Nilikupigia simu siku hiyohiyo. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ulisema, "Mwache, nife kidogo apate kazi." Maneno yako hayo, Dada.

Watu huku wamechoka na watoto wa wakubwa wa sinema, wanaorithi filamu kama wengine wanavyorithi maduka. Wanamtaka kijana asiye na mtu. Wanawake wanamletea vyakula getini kwa sababu hana mama wa kumpikia. Waliofiwa wanamwandikia barua. Ukijitokeza leo, kwao hutakuwa mama yake. Utakuwa ushahidi kwamba amewadanganya, na huku mashabiki wakikasirika wanachoma mabango, wanachoma na magari.

Julai 19 kaa nyumbani. Katika onyesho kuna sehemu ya kukukumbuka wewe. Taa zinazimwa, picha yako inatokea kwenye pazia, anaimba. Hutaipenda.

Mdogo wako,
Shabnam


Markham, 28 Mei 2025

Shabnam,

Marahaba. Yaani nitakumbukwa gizani mbele ya maelfu, na mimi mwenyewe nisije.

Nilicheka, ndiyo. Nilidhani ni mambo ya wiki moja. Sikujua mtanipangia na tarehe. Wewe mwenyewe ulinieleza kwa nini nilifariki Septemba 14: Agosti ingegongana na kriketi, na Oktoba ingegongana na filamu za sikukuu ya Diwali. Nilikufa pale palipokuwa na nafasi kwenye kalenda ya ofisi yenu.

Sasa nimekuwa marehemu wa kuuza mafuta ya kupikia. Tangazo nimeliona. Alykhan anakaanga vitunguu, anaitazama picha yangu ukutani, chozi linadondoka, halafu inakuja chupa. Mtoto yule hajawahi kumenya kitunguu nyumbani kwangu, na mimi napika kwa samli.

Unaniambia wanampenda. Wanampenda kwa msiba. Basi msiba wa kweli ulipomfika, wa baba yake mzazi, hakuruhusiwa hata kuulilia, kwa sababu Moez kwenye hadithi yenu hayumo kabisa. Moez alikuwa akiendesha gari kutoka Markham mpaka katikati ya mji kila Jumamosi kumpeleka kijana wenu kwenye madarasa ya kuigiza, anakaa garini kwenye baridi na gazeti lake, na alikuwa akimwambia kila mtu kwamba mwanawe atakuja kuwa mtu mkubwa. Amekuwa. Hakuna anayejua alitoka kwa nani.

Nikuulize, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikifa kweli, nani atanizika? Atakuja vipi kwenye maziko ya mtu aliyekwisha kumlilia kwenye televisheni miaka saba? Hilo najiuliza kila usiku tangu Februari. Kaburi la baba yake ndilo mtihani wangu. Asipoweza kuja kwa Moez, kwangu hatakuja.

Kwa hiyo mwambie hivi: asipokuja kaburini, nitakuja mimi kwenye onyesho. Picha ikitokea kwenye pazia nitasimama chini yake na herini za Sughra masikioni, watu wafananishe wenyewe.

Zohra


Mumbai, 9 Juni 2025

Dada Zohra,

Leo sikuamkii.

Barua yako nimemtafsiria mwanasheria wetu. Alicheka kidogo, si kwa ubaya. Anasema kila nyota ana watu wanaodai wamemzaa. Sisi tunao kadhaa. Mmoja ametoka Kolhapur, analala nje ya geti letu, amebeba nguo za mtoto mchanga. Walinzi wanajua la kufanya: wanampa maji, wanaongea naye kwa upole, wanampakia kwenye gari na kumrudisha kituo cha basi.

Tamko letu limekwisha kuandikwa, limebaki jina tu. Litasema kwamba mjane mmoja wa Markham amechanganyikiwa baada ya kufiwa na mume, na kwamba Aryan anamwombea nafuu. Majirani zako watalisoma, na wataliamini, kwa sababu wewe mwenyewe umewaambia mwanao yuko Singapore. Hakuna atakayekutetea isipokuwa Sughra na herini zake.

Usidhani Alykhan hajui. Nilimuuliza. Alisema, "Mwambie Mama asubiri mpaka filamu ya Diwali itoke." Ni kauli yake.

Uliolewa ukaenda zako Canada, mimi nikabaki Dodoma kuuza vitambaa na baba mpaka duka likafungwa, ndipo nikaja huku. Hakuna aliyeniuliza ninataka nini. Alykhan alipokuja Mumbai bila kujua hata kupanda treni, ni mimi niliyempokea. Hiki nilichojenga ndicho kitu pekee nilichonacho, na sitakuacha ukivunje kwa ajili ya gao la udongo.

Shabnam


Markham, 23 Julai 2025

Shabnam,

Ulikuwepo, ulisimama nyuma yake, lakini ulikuwa unatazama simu. Basi nikueleze ulichokosa.

Nilikuja kufanya fujo, sikufichi. Sughra alinunua tiketi, zile za kupiga picha na nyota kabla ya onyesho, na akanivalisha herini tukiwa bado kwenye gari. Foleni ilizunguka ukumbi mzima. Mbele yetu alikuwa msichana aliyejichora jina la Aryan mkononi kwa hina. Nyuma yangu alikuwa mwanamke wa umri wangu, analia tangu mlangoni. Aliniambia mwanawe alifariki kwa ajali, na tangu hapo anamwona Aryan kama wake, maana mmoja hana mama na mwingine hana mwana. Nilimshika mkono. Aibu ilinipata hata nikasahau maneno niliyokuja nimeyapanga.

Hapo nikabadili nia. Nikasema sitasimama chini ya pazia lolote. Nimwone uso tu, anitazame, aninong'oneze siku atakayokuja kaburini.

Zamu yangu ikafika. Alinijua. Usije ukaniambia hakunijua: mkono wake wa kushoto ulikwenda sikioni, kama alipokuwa mtoto amevunja kitu. Kamera zilikuwa pale. Akainama akanigusa miguu, kama mnavyomfundisha kuwafanyia wazee, na foleni nzima ikashangilia. Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, "Baba yako anakungoja Richmond Hill."

Akanyanyuka anatabasamu. Akavua shada alilovishwa na mashabiki, akanivika mimi shingoni. Kisha akaniuliza kwa Kihindi, kwa ile sauti yake ya kwenye filamu, "Mama, jina lako nani, nikutilie sahihi?"

Nikamtajia. Nilifanyaje tena? Akaandika kwenye picha yake: Kwa Zohra, kwa mapenzi tele, Aryan Sarang. Mlinzi akanishika kiwiko nisogee.

Kwenye onyesho sikukaa. Wakati mnazima taa ili nikumbukwe, mimi nilikuwa barabara ya 407 kwenye gari la Sughra, nimevaa shada.

Asubuhi yake niliichukua picha ya Alykhan ya kumaliza shule, ile yenye pua yake. Nikaitundika sebuleni mahali pa kalenda. Nikaivisha lile shada.

Sughra alipokuja aliliona akiwa bado mlangoni. Alikwenda jikoni akaweka sufuria kubwa ya chai, maana alijua watu watakuja. Wamekuja. Nimewaambia Alykhan amefariki ghafla huko ugenini, na mwili hauletwi. Mohamedtaki ametangaza msiba. Watu wamemwombea, wanawake wameleta sufuria za khichri na kunioshea vyombo, na rafiki zake wa shule wamekaa sebuleni kwangu wakisimulia vituko vyake hadi nikacheka. Miaka saba nimekuwa na mwana nisiyeweza kumtaja. Sasa namtaja kutwa, na nimemlilia mbele za watu, na kila mtu ananielewa.

Nawe pole, Shabnam. Umefiwa na mpwa wako.

Zohra


Mumbai, 1 Agosti 2025

Dada Zohra,

Shikamoo. Nakuomba uisome barua hii umekaa.

Mtu mmoja aliyekuja msibani kwako ameiweka picha ya sebule yako mtandaoni: "Kijana wetu wa Markham ametangulia." Pole zimemiminika. Halafu mwingine akauliza mbona marehemu anafanana na Aryan Sarang wa filamu zile za kwanza, kabla ya pua. Wamekwisha kuziweka sura mbili ubavu kwa ubavu. Ofisini simu hazinyamazi.

Lile tamko la mjane aliyechanganyikiwa siwezi kulitoa. Video ya Aryan akikugusa miguu na kukuvika shada tuliisambaza sisi wenyewe usiku uleule, tukaiita "Aryan na mama wa Toronto". Imetazamwa na mamilioni. Watu wamechora sura yako kwenye fulana. Atakayesema wewe ni mwehu, mashabiki watamla nyama, hata akiwa mimi.

Umenishinda, kama unataka kusikia hivyo. Ondoa shada. Waambie watu ilikuwa taarifa ya uongo kutoka Singapore, waambie lolote.

Alykhan amezikuta barua zako kwenye droo yangu. Hakuwa ameziona. Hazungumzi nami tangu jana, na asubuhi hii ameniomba bahasha.

Shabnam


Mumbai, 2 Agosti 2025

Mama,

Naandika mwenyewe. Kiswahili changu ni cha jikoni kwako tu, utanisamehe makosa.

Barua zako nimesoma zote juzi. Mama Mdogo alizificha. Lakini sitaki kumsingizia. Hata angenipa, nafikiri nisingejibu. Ile kwamba usubiri mpaka Diwali nilisema mimi, nikiwa napakwa poda, hata sikugeuka kumtazama.

Siku ya Baba nilikuwa Hyderabad, kazini. Nilifunga mlango wa gari la kubadilishia nguo nikakaa chini sakafuni. Halafu waliniita, nikatoka nikacheza ngoma ya harusi. Ile ngoma watu wanaipenda sana.

Siku ya foleni nilikujua kabla hujafika mbele. Niliona herini. Nilisema moyoni, akifika nitasema. Halafu ulifika na nikasikia sauti yangu inakuuliza jina. Mama, nilisikia kama wewe ulivyosikia. Kamera ilikuwa inaendelea na mimi niliendelea.

Riyaz, yule wa basi la shule, ameandika mtandaoni chini ya picha yangu kwamba nilikuwa nampa nusu ya chapati yangu kila siku. Mimi nilisahau. Shenaz ameandika nilimfundisha kuendesha baiskeli. Watu wanalia kwa ajili yangu, na si kwa sababu ya filamu. Nimesoma zote. Ni vibaya sana, mtu kusoma vitu hivi akiwa hai. Ile picha ndiyo mbaya zaidi. Nikiiona na maua yale, naona kama kweli sipo na hakuna atakayenisikia nikiita.

Mama, mimi sijafa. Naomba uondoe hilo shada kwenye picha yangu.

Alykhan

(Nimechana karatasi ya kwanza. Chini yake nilikuwa nimetia sahihi ile nyingine, ya Aryan, bila kufikiri.)


Markham, 14 Agosti 2025

Alykhan,

Barua yako imefika, na makosa yako yote nimeyasoma.

Kaburini kwa baba yako nyasi zimeota na udongo sasa ni laini, hauhitaji mashine. Nilikwenda jana na Sughra.

Hayo unayoyasema ya mtu kuiona picha yake na maua, akaita asisikike, huna haja ya kunieleza. Shada lako halijamaliza mwezi, langu lina miaka saba.

Toa langu kwanza.

Mama yako,
Zohra